Anatafutwa Sifu Aliye Hai

Asubuhi ile Foong Kar Weng alikuwa amekaa kwenye mkahawa wa mjini Ipoh, mtaa wa zamani, mgongo ukutani na uso mlangoni, kama anavyokaa mtu yeyote ambaye juzijuzi tu ameuza miti ya durian, lile tunda la miiba, iliyoota kwenye picha peke yake. Wanunuzi wa miti hiyo walikuwa bado wanazunguka milimani kuitafuta. Kar Weng aliwatakia kila la heri. Mbele yake palikuwa na kahawa nyeupe na mkate wa kuchoma, na mfukoni salio la durian, ambalo yeye aliliita mtaji.

Mtaji wake wa kweli lakini ulikuwa sauti. Ilikuwa sauti ya mtu anayekunong'oneza siri kwa faida yako, hata kama anakuuliza choo kiko wapi.

Meza ya jirani walikaa wazee wawili wa tiba ya sindano, wale wanaokuchoma sindano nyembamba kama unywele mpaka kiuno kiache kukusumbua. Walikuwa wamenuna.

"Mtihani," alisema mmoja. "Mimi na macho haya nikakae darasani na watoto, niulizwe kiuno kiko wapi. Kiuno nakipapasa kila siku."

"Serikali imeshasema. Anayeshika sindano awe na leseni, na leseni ni kwa cheti cha chuo au kwa mtihani."

"Si walisema kuna msamaha?"

"Upo. Kama ulijifunza kwa mwalimu, kwa kukaa na sifu wako, na ulianza kazi kabla ya sheria, mtihani hufanyi. Ila sifu aje mwenyewe mbele ya kamati, aseme kwa kinywa chake kwamba huyu nilimfundisha mimi."

"Sifu wangu yuko makaburini."

"Wangu je? Mimi ndiye niliyemzika."

Wakanywa kahawa yao kwa huzuni. Kar Weng aliacha kutafuna.

Wako watu ambao wakisikia sheria mpya hujiuliza wataitii vipi, na wako wanaojiuliza wataikwepa vipi. Kar Weng alikuwa wa kundi la tatu, kundi dogo lenye vipaji: wale wanaojiuliza ni nani atalipa ili asaidiwe kuikwepa. Alishaona wazi kwamba bidhaa iliyoadimika Ipoh nzima haikuwa leseni. Ilikuwa sifu aliye hai.

Alianza kumtafuta siku hiyohiyo. Masifu wa mji huu walikuwa wa aina mbili, waliokufa na waaminifu, na hawa wa pili walikuwa na manufaa madogo kuliko wa kwanza. Aligonga milango, akafukuzwa kwa heshima, akagonga mingine, akafukuzwa bila heshima. Alikuwa karibu kukata tamaa alipopita uwanja wa hekalu na kukuta kundi la maigizo likifanya mazoezi.

Jukwaani jenerali na malkia walikuwa wanagombana kwa kuimba. Chini ya miguu yao alilala mzee mwenye ndevu nyeupe ndefu, amekufa. Nzi akatua kwenye pua ya yule mzee. Akapanda hadi kwenye kope, akanawa miguu pale, akarudi puani. Mzee hakutikisika. Malkia akarudi nyuma kwa hasira akamkanyaga vidole. Mzee hakutikisika. Kar Weng hakuwahi kumwona mtu akinyamaza kiasi kile bila kulipwa vizuri. Alisimama juani mpaka mwisho.

Mazoezi yalipokwisha maiti iliketi, ikajikuna pua, ikaanza kutafuta kandambili zake.

"Shikamoo, mzee. Umecheza vizuri sana."

"Marahaba. Nilikuwa nimekufa."

"Ndiyo maana nasema. Wengi wanakufa ovyo."

Mzee akamtazama tena. Jina lake lilikuwa Loke Sai Hoi. Alikuwa na kundi lile tangu ujana wake, na kwa maisha hayo yote alicheza maiti, na mlinzi wa mlango, na mara chache, mwenzake akiugua, miguu ya nyuma ya farasi. Mke hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Chumba chake kilikuwa nyuma ya hekalu, na ukimya ule wa jukwaani alikuwa anaingia nao mpaka chumbani.

"Nina mchezo," alisema Kar Weng. "Natafuta mhusika mkuu."

"Ana maneno mengi?"

"Karibu hana. Ukikwama unafumba macho."

"Hiyo naiweza. Anauawa na nani?"

"Hauawi. Huyu anaishi."

Mzee Loke aliishika kandambili yake bila kuivaa. "Na watu watakuwa wanamtazama?"

"Watampigia magoti, mzee wangu."

"Ni uongo lakini, siyo?"

"Na haya ya humu je? Yule malkia si anauza samaki sokoni?"

"Anauza," alikubali mzee. "Lakini wanaomtazama wanajua kwamba anauza samaki."

Kar Weng alimpeleka kula kuku na maharage yaliyochipua. Kuku wa Ipoh ameshamaliza mabishano mengi mazito kuliko hilo. Walipofika kwenye mifupa, mzee alikuwa amekubali.

Basi sifu akaundwa. Kar Weng alimshonea kanzu ya kijivu yenye vifungo vya kamba. Alimpiga picha mbele ya pango, ukungu nyuma yake, akaiweka gazetini pamoja na maneno machache ya kumsifu: huyu ndiye Sifu Loke, mrithi wa mwisho wa Sindano ya Ukungu, ameshuka kutoka milimani baada ya miaka mingi ya kimya. Kuhusu kimya hakukuwa na uongo. Fundi akachonga kibao chenye herufi za dhahabu. Salio la durian lilikuwa linayeyuka, lakini Kar Weng alijiambia kwamba anayetaka kuvua papa haanzi kwa kubania chambo.

Papa wa kwanza alikuwa Bwana Chiam Poh Huat. Huyu alikuwa na maduka ya kukanda miguu kila kona ya mji, tumbo la kumtangulia mlangoni, na sauti ya kuita teksi hata akiwa amekaa kwenye gari lake mwenyewe. Alitaka kwenye vibao vyake pawe na maneno "tiba ya sindano".

"Ulianza lini kuchoma sindano, bosi?" Kar Weng alimuuliza kwa upole.

"Sijaanza."

"Ulianza zamani, bosi. Kabla ya sheria. Ulijifunza kwa Sifu Loke, milimani, ukiwa kijana."

Chiam alifikiri kidogo, kisha uso ukamng'aa kama mtu aliyekumbushwa utoto wake. "Kulikuwa na baridi sana kule," alisema.

"Baridi kali."

"Na mke wangu alikuwepo. Na shemeji zangu watatu. Wote walijifunza."

"Sifu alikuwa na darasa kubwa," alisema Kar Weng, na moyoni akaanza kumpenda yule bwana.

Wa pili alikuja mwenyewe, na hilo lingepaswa kumshtua. Mama Thong Wai Fun alikuwa mjane mfupi, mkavu, mwenye bangili ya jiwe la kijani mkononi, na alikuwa anauza chai ya mitishamba kwenye duka lake la kona, kutoka kwenye mapipa ya shaba yaliyong'arishwa mpaka unajiona meno. Alikuja na gazeti kwapani.

"Huyu mzee wa picha," alisema. "Ndevu ni zake?"

"Zake kabisa, mama yangu."

"Meno?"

"Mengi."

"Anapayuka?"

"Sifu? Siku nyingine hasemi kabisa."

"Basi niandikie na mimi. Nataka leseni ya sindano." Akatoa kianzio, kidogo cha kutia aibu, akamsukumia mezani. "Iliyobaki nikishaona kazi. Na usimweke sifu wa watu nyuma ya hekalu kama mfagiaji. Nina chumba juu ya duka langu, kitupu, kinatazama barabara. Mkae bure."

Kar Weng alitoka pale akipiga mluzi. Ameletewa mteja, na mteja amekuja na nyumba. Kuna siku mtu huona dunia yote imeamka mapema ili imsaidie, na siku hizo ndizo za kukagua mifuko; lakini yeye alikuwa anawaza kibao kining'inie upande gani.

Ikafanyika sherehe ya chai katika chumba kile cha juu, ile ambayo wanafunzi humkubali sifu wao. Chiam, mke wake na shemeji watatu walipiga magoti, wakamkabidhi sifu vikombe kwa mikono miwili, na bahasha nyekundu za pesa zikapita kwa Kar Weng, mwanafunzi mkubwa na mtunza hazina. Sifu Loke alipokea kila kikombe, akafumba macho, akanywa. Mama Thong alipiga goti moja tu, akasema la pili linauma.

Kila kitu kingekwenda kama maji mteremkoni kama Chiam asingefungua mdomo.

"Sifu," alisema, akijifuta jasho la kuinuka, "mbele ya kamati wakituuliza itakuwa aibu. Tuonyeshe walau sindano moja."

Kar Weng akacheka kidogo, akasema sifu amechoka, akasema na sindano ziko kwenye maji ya moto.

"Hizi hapa," alisema Mama Thong, akaweka kikasha mezani. "Nilinunua."

Sifu Loke alikitazama kikasha. Akamtazama Kar Weng. "Weng," alisema, "vua shati."

Kar Weng alivua shati huku anatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa kazi nzito kuliko zote alizowahi kufanya. Akalala kifudifudi. Alisikia kikasha kikifunguliwa. Alisikia pumzi ya mzee juu ya mgongo wake. Akangoja. Ngozi yake ilianza kucheza yenyewe, hapa na pale, kama inajaribu kukisia. Hakuna kitu kilichomgusa. Alipogeuza jicho aliona mzee amesimama juu yake, sindano mkononi, macho amefumba, ametulia vilevile kama siku ya nzi. Na watu wote waliokuwa chumbani walikuwa wameacha kupumua.

Hatimaye mzee akafumbua macho, akairudisha sindano kikashani taratibu.

"Hapana," alisema. "Leo hahitaji."

Mke wa Chiam akashusha pumzi kama aliyetoka kwenye maji. Shemeji mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba ameona kitu kikipita.

"Na wewe," mzee alimgeukia Chiam, "sindano si ya kuanzia. Jioni unakula kwa hasira. Kula kidogo, kisha utembee na mkeo. Mpe nafasi na yeye aongee."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Chiam Poh Huat maneno hayo. Aliishika mikono ya mzee, macho yamemlowa, na mkewe alimtazama sifu kama watu wanavyotazama sanamu ya dhahabu.

"Umeyatoa wapi?" Kar Weng alimuuliza mzee walipobaki wawili, anafunga vifungo vya shati.

"Mkewe alifungua mdomo mara tatu aseme kitu," alisema mzee. "Hakupewa nafasi. Mtu ukiwa maiti unaona mengi, Weng. Wote wanadhani hauko."

Habari zikaenea. Watu wakaanza kupanda ngazi, si kwa ajili ya leseni, kwa ajili ya mzee. Alikuwa hawachomi wala hawagusi. Alikuwa anakaa dirishani na kanzu yake, anasikiliza mpaka wamalize, halafu anawaambia jambo dogo: rudiana na dada yako, lala mapema, acha kusoma barua za benki ukiwa kitandani, kanywe chai hapo chini ikiwa bado moto. Wanashuka, wanakunywa chai. Mapipa ya Mama Thong yakawa yanajazwa upya kabla ya saa sita mchana, na yeye akawa anapita na kitambaa chake akiyang'arisha.

Kar Weng aliona foleni ile kama mvua inayonyesha shamba la jirani. Yeye alikuwa anangoja kamati. Kamati ilikuwa ikae Jumatano, na Kar Weng hakuwa na nia hata kidogo ya kuiona sura yake. Aliwatangazia wanafunzi wote walete sehemu iliyobaki ya malipo Jumanne, kwa sababu, alisema, sifu anataka kwenda mbele ya wakubwa akiwa na moyo mweupe. Jumatano ingemkuta yeye Penang, anakula tambi ufukweni, na Sifu Loke amerudi kwenye kifo chake cha kawaida na kitu cha kumfuta machozi.

Jumanne Chiam alileta pesa zake na za ukoo mzima. Kar Weng alizitia kwenye mkoba wa ngozi, akaufunga tumboni chini ya shati, akapanda juu mbio.

"Mzee, kusanya vitu. Basi linaondoka mchana."

Mzee Loke alikuwa dirishani. Hakusimama.

"Mimi siendi, Weng."

"Kesho ni kamati. Watakuuliza sindano inaingia wapi, utafumba macho, watakufunga."

"Kwenye kamati siendi. Na kwenye basi siendi."

"Mzee wangu, mchezo umekwisha. Tumepigiwa makofi. Tushuke jukwaani."

"Watu wananieleza habari za maisha yao," alisema mzee. Alisema polepole, kama anajaribu uzito wa kila neno. "Kwenye kundi, miaka yote, hakuna aliyeniuliza hata saa. Jana mama mmoja alirudi kuniambia kwamba binti yake amempigia simu. Alipanda ngazi zote hizi kuniambia hilo tu."

Mlango ukafunguliwa, Mama Thong akaingia na birika.

"Bado unamsumbua?" alimwambia Kar Weng. "Kaa. Mnywe chai."

"Mama Thong," alisema Kar Weng, akaileta ile sauti yake ya siri, "wewe umebakiza sehemu kubwa. Na leseni yako bila sifu..."

"Sihitaji leseni."

"Kila mtu anahitaji. Sheria..."

"Sheria inahusu sindano. Anayeuza chai na majani makavu amesamehewa, na anayetoa ushauri kwa mdomo bila kumgusa mtu amesamehewa. Mpwa wangu ni wakili, alinisomea yote kabla wewe hujashona kanzu." Akamimina chai. "Nilijua tangu siku ya kwanza."

Kar Weng alikaa bila kupenda. "Sasa ulikuwa unanunua nini?"

"Huyu," alisema Mama Thong, akamnyooshea mzee kidole kwa adabu. "Nilikuwa nataka mtu wa kukaa dirishani. Waliokuja wote walikuwa na midomo kama yako, watu wanakimbia. Nikaona gazetini umempata mzee mzuri, mtulivu, nikasema huyu kijana ana jicho. Acha amtafutie nguo. Acha amtangaze. Nguo umenunua, kibao umechonga, gazeti umelipa. Kibao tumekishusha leo asubuhi, nitakipaka rangi upya. Na hilo la sifu tumeliacha; kuanzia leo ni Mzee Loke tu, anaongea na watu. Sina kesi na mtu."

"Kwa hiyo umeniingiza mjini," alisema Kar Weng.

"Mjini ulikuwepo," alisema Mama Thong. "Mimi nilikupa chumba tu."

Kar Weng alimgeukia mzee. Ilimshangaza mwenyewe kwamba kilichomuuma hakikuwa pesa ya kanzu. "Na wewe ulijua?"

"Aliniambia juzi. Nilitaka kukwambia, lakini ulikuwa unahesabu bahasha." Mzee alishusha macho. "Ungeuliza ningekwambia."

Bado palikuwa na mkoba. Kar Weng aliugusa kupitia shatini, akawaaga kwa adabu zote, akashuka ngazi mbilimbili. Mtu aliyepoteza sifu lakini ana bahasha za ukoo mzima wa Chiam hajatoka kapa.

Chini ya ngazi alisimama Bwana Chiam mwenyewe, na kila upande wake mwanamke mmoja wa makamo, mwenye aproni ya waridi. Walikuwa wakandaji wake wakuu. Vidole gumba vya wanawake wale vilijulikana mpaka Kuala Lumpur.

"Mama Thong kaniambia," alisema Chiam, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya chini. "Unaonekana umechoka, kaka. Twende hapo ng'ambo ukapumzishe miguu."

"Nina basi, bosi."

"Basi litakuja lingine."

Walimvusha barabara wamemshika makwapa kama bwana harusi mwenye wasiwasi. Walimkalisha kwenye kiti kirefu cha ngozi, wakamvua viatu, wakamnawisha miguu kwa maji ya uvuguvugu na tangawizi, kwa upole kabisa. Chiam akavuta stuli, akakaa kando.

"Hapa," alisema yule mwanamke wa kwanza, akaweka kidole gumba katikati ya unyayo, "ni ini." Akabonyeza.

Kar Weng aliona nyota ambazo hazina majina bado.

"Ini lake limejaa," mwanamke alimwambia bosi wake kwa masikitiko.

"Bonyeza tena. Anahitaji huduma."

"Na hapa," alisema wa pili, akishika kisigino, "ni kumbukumbu."

"Kwenye kisigino?" Kar Weng alifaulu kuuliza.

"Kwa watu wengine huwa inateremka."

Kisigino kikabonyezwa. Kumbukumbu ikarudi yote kwa pamoja: mkoba uko wapi, umefungwaje, fundo linafunguliwa kwa kuvuta kamba ipi. Chiam aliutoa, akachungulia ndani, akaridhika.

"Utashtakiwa, bosi," Kar Weng alisema, pumzi imemwisha. "Hawa wana leseni?"

"Kukanda miguu kumesamehewa," alisema Chiam. "Mama Thong ameniulizia kwa mpwa wake." Akasimama, akasita. "Kukushtaki sikushtaki. Ile ya kutembea jioni na mke wangu imenisaidia. Vaa viatu uondoke."

Viatu havikuingia. Kar Weng alivibeba mkononi, akavuka barabara peku, akikanyaga kwa pembeni za nyayo. Mfukoni alibakiwa na nauli ya kwenda Penang tu. Alikuwa amekusudia kupita moja kwa moja mpaka kituoni, lakini foleni ya Mzee Loke siku ile ilikuwa imeshuka ngazi mpaka dukani, na mzee mwenyewe walikuwa wamemhamishia chini, kwenye kiti karibu na mapipa, ili wagonjwa wa magoti wasipande. Mzee alimwona.

"Weng. Njoo ukae."

"Kuna foleni."

"Hawa watakuvumilia."

Akakaa, kwa sababu ya miguu. Watu wakamtazama. Alijiandaa kwa hotuba, au kwa samahani, na alikuwa na majibu ya vyote viwili.

"Unalala vizuri?" mzee aliuliza.

"Mimi?" Kar Weng alikuwa ameshawauliza watu wengi maswali ya kuwajali, na alijua bei ya kila moja. Hili hakujua alishike wapi. "Silali."

"Tangu lini?"

Alitaka kusema tangu jana. "Sijui. Zamani. Nikilala naota nimekaa mahali mlango uko nyuma yangu."

Mzee akatikisa kichwa, akafikiri. "Leo usipange kitu chochote," alisema. "Mpaka jioni. Kunywa ile chai nyeusi, ikiwa moto, hapohapo ulipo."

Mama Thong akaleta bakuli la ile nyeusi. Akasimama na mkono umenyooshwa.

"Mimi pia nalipa?" aliuliza Kar Weng.

"Wewe nani?"

Akatoa nauli ya Penang. Chai ilikuwa chungu kiasi cha kumfanya mtu asahau jina lake. Aliinywa yote, kwa sababu ameilipia, na kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kununua kitu kwa bei yake halali na alitaka kujua kinakuwaje. Alikaa akitazama mvuke wa mapipa. Akajaribu kupanga jambo. Kichwa kilikuwa kitupu, na mgongo wake, bila yeye kuangalia, ulikuwa umeelekea mlangoni.

Alilala. Alilala palepale kwenye kiti, mdomo wazi, viatu mapajani, akikoroma taratibu kama paka.

Mama mmoja kwenye foleni akamgusa mwenzake. Huyo si yule wa durian? Huyo huyo, alisema mwenzake, shemeji yangu anamtafuta, anasema ni mtu asiyetulia hata chooni. Wakamsogelea, wakamwinamia. Mmoja akapunga mkono mbele ya uso wake. Hakutikisika.

"Amekunywa ipi?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Ile nyeusi," alisema Mama Thong, na tayari alikuwa anapanga mabakuli. "Msimwamshe. Pangeni mstari."

Alipozinduka, jua lilikuwa limeshapindukia upande wa milimani. Mapipa mawili ya ile nyeusi yalikuwa makavu. Watu wa durian walikuwa wamekuja, wakamtazama akikoroma, wakaona haya kumpiga mtu aliyelala vile, wakanunua chai wakaenda zao. Mzee Loke alikuwa amemfunika kwa ile kanzu ya kijivu.

Mama Thong alikuwa anafunga hesabu za siku, ametulia, uso umemkaa vizuri.

"Kesho uje muda uleule," alimwambia. "Ukae kiti kilekile."

Kar Weng alijinyoosha. Akili ilimrudia polepole, na pamoja nayo biashara: alikuwa ameuzwa mchana kutwa mbele ya mji mzima, amelala. Alifungua mdomo kudai fungu lake, akaileta sauti, ile ya siri, na sauti ikatoka na miayo.

"Na chai ya kesho," aliuliza alipomaliza kupiga miayo, "nalipa?"

"Kwako," alisema Mama Thong, baada ya kulifikiria, "nusu."

Akasema ni wizi. Na kesho yake, muda uleule, akaja.